Aliyesoma Njia kwa Gitaa

Mimi ni mwoga. Nasema hili mapema ili mtu asije akanisifu bure huko mbele. Naitwa Yassine, nina kibanda karibu na soko la Kasongo, na watu huniletea simu zao nizichaji kwa pano ya umeme wa jua na kuwajazia nyimbo kwenye kadi. Babu yangu alikuwa mwoga, baba yangu vilevile, na wote wawili walikufa vitandani mwao wakiwa wazee. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na nyumbani kwetu tumecheka sana.

Basi hesabuni wenyewe nilikuwa katika hali gani siku Amisi aliponiletea habari ya wimbo wa saba.

Amisi ni motari. Anabeba watu na mizigo kwa pikipiki kati ya Kasongo na Salamabila, kule kwenye dhahabu. Kwa kawaida akifika soko zima linajua, maana hupiga honi mpaka kuku wanakimbia. Siku ile alizima injini mbali, akaisukuma pikipiki kwa mikono, akaingia nyuma ya meza yangu na kukaa kwenye kiti changu mimi.

"Kaka Yassine," alisema, "ile nyimbo ya dada Cécilia, ile ya mwisho, ndefu. Ni wewe ulinitilia mu telefone?"

"Nimetilia watu wengi. Juu ya nini?"

"Juzi nilifika kwenye barieri ya wale wenye bunduki, wamefunga njia. Wakachukua telefone yangu. Nilizani wanaiiba. Hapana. Walitafuta ile nyimbo, wakaipiga mara tatu. Mukubwa wao alishika kijiti. Anasikia kidogo, anasema simamisha, anachora chini. Anasikia tena, anachora. Alichora mto, kaka. Alichora mawe."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Mi niliangalia viatu vyangu. Kisha wakanirudishia telefone, wakasema asante." Alijifuta uso. "Ile asante ndiyo ilinitia woga."

Wimbo ule ni wa Kibangubangu, lugha ya kwao Cécilia, na mimi Kibangubangu sikijui. Sisi wa mjini Kasongo tumezaliwa na Kiswahili mdomoni tangu enzi za misafara, na kutojua lugha za jirani zetu tunakuvaa kama kofia ya Idi. Wimbo ule niliurekodi kwa mkono wangu, dakika kumi na moja, nikaujaza kwenye simu za watu wasiohesabika, na sikujua unasema nini. Maji yakimwagika hayazoleki. Niliwaza hivyo, nikaanza kufunga kibanda saa sita ya mchana.

Cécilia ni fundi cherehani, anashona kwenye baraza la duka moja la vitambaa. Ana miaka arobaini na miwili, mjane, hana mtoto. Ni mrefu, mwembamba, na hakuna kitu duniani kinachoweza kumharakisha. Watu walisema ukitaka gauni la Noeli, mpelekee kitambaa wakati wa Pasaka. Baba yake, Michel, alikuwa katekista kule Kitumbi, kijiji kimoja upande wa Wamaza, na alimpa jina hilo kwa sababu kwa Wakatoliki Mtakatifu Sesilia ndiye msimamizi wa waimbaji. Akamfundisha gitaa kabla hajamfundisha kusoma. Cécilia alipohamia Kasongo na mumewe, Mungu amrehemu, alipiga gitaa katika kwaya ya parokia, mpaka mkubwa wa kwaya akamwita pembeni na kumwambia, "Dada, ukipiga wewe, misa inaisha saa saba, na watu iko na njaa."

Kwao kuna desturi ambayo lazima niieleze, maana mambo yote yametoka hapo. Mtu akifika kutoka safari haulizwi habari za watoto, wala hapewi maji. Anakalishwa na kuambiwa: soma njia. Naye anaisoma. Nimetoka mahali fulani, nimevuka kijito fulani, maji yalifika gotini, nimeacha kaburi la fulani mkono wa kulia, nimepumzika penye mti fulani. Haruki kitu. Ukiruka kijito wazee wanatazamana, kwa kuwa aliyeruka kijito ana jambo alilolifanya pale. Ukimaliza ndipo unapewa maji. Kisha wewe nawe unamwambia mwenzako, kama naye ametoka mahali, asome yake. Ndivyo watu wa kule wanavyoambiana kwamba bado wanaaminiana.

Cécilia alilelewa hivyo na mji haukumbadilisha. Hata akitoka barazani kwake kuja kibandani kwangu, mwendo wa kumaliza ndizi moja, alikuwa akifika ananisomea: nimepita kwa muuza chumvi, nimeruka mtaro, mbwa wa padri amelala. Mimi nilikuwa nikimcheka.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, alikwenda Kitumbi kumwona mama yake, na wenye bunduki wakakivamia kijiji. Sisemi ni kundi gani. Majina yao yanabadilika kuliko hali ya hewa, na kibanda changu kina kuta za mbao. Kijiji kizima kilikimbilia maficho, bondeni ndani ya msitu, na Cécilia alikaa huko majuma matano. Mchana hawakupika, ili moshi usionekane. Hawakusema kwa sauti. Kazi pekee iliyobaki ilikuwa kutazama, naye akatazama nyasi, akatazama mlima, akatazama maji.

Aliporudi Kasongo alikuwa mtu mwingine. "Yassine," aliniambia, "ukiangalia mulima siku mingi, unaanza kusogea."

Nilimshauri anywe dawa ya malaria.

"Nilikunywa," alisema. "Uliendelea kusogea."

Alitaka turekodi. Tulikwenda kwenye hangari la zamani la pamba, la tangu siku wazee wetu walipolazimishwa kulima pamba, ambalo sasa halina kitu ila popo na mwangwi. Gitaa lake la umeme tuliliunganisha na ampli ya kukuzia sauti ya mahubiri ambayo spika yake ilikuwa imetobolewa na panya. Sauti ikatoka inakwaruza na kutetemeka, kama mzee anayesafisha koo. Nilitaka kuiziba spika, akanikataza. Siku nyingine nilibonyeza vibaya kwenye ordinateri, ile kompyuta yangu, na sauti yake yote ikageuka, ikaanza kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nilianza kuomba radhi. Yeye alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Acha vile," alisema. "Ndiyo vile nyasi inasema."

Zikawa nyimbo saba, kila moja ikiimba mahali pake: nyasi ndefu, daraja la mbao, mlima wa gari lililoungua, na kuendelea hivyo. Zilikuwa polepole mno. Kati ya neno na neno ungeweza kuosha vyombo. Hakuna sehemu ya kucheza hata kwa mtu mwenye nia njema. Wateja wa kwanza walinirudishia kadi zao. "Papa Yassine, hii muziki iko na homa," walisema. Faridah, mke wangu, alisema muziki huo unafaa kuwalaza watoto wa adui.

Lakini zilianza kutakiwa, na walioanza ni wachimbaji wa Salamabila. Wametoka vijiji vya mbali, wanaishi matopeni, na kusikia mtu anaimba kijito cha kwao kwa jina lake kunawatoa machozi. Wakafuata wajane, wakafuata madereva, wakafuata wagonjwa. Mimi mwenyewe nilizipenda bila kumwambia mtu. Ukizisikiliza peke yako unaingiwa na woga ambao hujui umetoka wapi, kana kwamba umesimama mahali pa wazi na kuna anayekutazama.

Sita aliziimba kwa Kiswahili. Ya saba aliimba kwa lugha ya kwao, macho amefumba, gitaa likirudia kitu kilekile kama mguu unaotembea. Nilipomuuliza inasema nini, alijibu, "Inasoma njia tu." Nikacheka, nikahifadhi.

Siku ile ya Amisi nilikwenda barazani kwa Cécilia nikamweleza yote, mpaka kijiti na mawe. Mguu wake ulisimama juu ya cherehani. Sindano ikabaki ndani ya kitambaa.

"Ni njia gani, dada?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Ya maficho."

"Yote?"

"Njia inasomwa nusu?" alisema.

Watu zaidi ya sitini walikuwa bado wanaishi kule bondeni, pamoja na mama yake, mama Victoire. Wenye bunduki walikuwa wakija Kitumbi kila baada ya muda kutafuta wa kuwabebea mizigo, na mengine ambayo sitayaandika, nao walikuta nyumba tupu kila mara. Hawakujua watu wanaingilia wapi. Njia hiyo ilikuwa kila kitu walichokuwa nacho.

"Niliimba mu Kibangubangu," Cécilia alisema. "Nilizani hivyo itabaki kwetu."

"Na wale wenye bunduki, dada, na mama zao wanasema luga gani?"

Huo ni ukweli ambao kila mtu huku anaujua na hakuna anayependa kuutaja: wengi wao ni watoto wa huku huku. Kikulacho ki nguoni mwako. Cécilia alikuwa amefunga mlango vizuri na mwizi yuko ndani.

Kule bondeni simu haishiki. Aliinuka, akafunika cherehani kwa kitambaa cha mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mi ninaenda kesho asubui," alisema. "Kama pikipiki haiko, miguu iko."

Nilirudi nyumbani nikiwa na sababu sita za kubaki. Faridah alizisikiliza zote huku akichambua mchele.

"Ni nani alitia zile nyimbo mu telefone za watu?" aliuliza.

"Mi sikujua inasema nini."

"Sikuuliza kama ulijua. Ukienda na ukikufa, nitalia, Yassine. Ukibaki, sikupikii."

Tuliondoka kulipopambazuka, watatu juu ya pikipiki moja, Amisi mbele, mimi katikati, Cécilia nyuma. Hakubeba gitaa. Nilikuwa sijawahi kwenda upande ule hata siku moja, kwa kuwa mtu kama mimi haendi mahali bila kuitwa na mahakama. Na hapo ndipo woga wa kweli uliponiingia, kabla hatujaona hata bunduki moja.

Nilikuwa naijua njia. Tulitoka mjini tukaingia nyasi ndefu, nami nilijua zitaishia wapi, maana wimbo wa kwanza unapoishia kuna kimya halafu ngoma moja, na pale pale nyasi zikaisha, mbao za daraja zikagonga chini ya gurudumu. Nilijua mlima utatokea mkono wa kushoto. Ulitokea. Nilijua gari lililoungua limelala upande gani. Nilikuwa nikisema moyoni: sasa kona, na kona inakuja. Mtoto wa mjini, mtu asiyejua kutofautisha shamba la mtu na pori, nilisafiri siku nzima kana kwamba nimezaliwa kule. Na kila kona ilipotokea mahali pake nilizidi kumkaza Amisi kiunoni. Kama mimi naweza, yeyote mwenye simu anaweza.

Nilitaka kumgeukia Cécilia nimwambie. Nilipomtazama, midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anaziimba zote kwa mpangilio, bila sauti, na machozi yanamtoka kwa upepo au kwa jambo jingine.

Tulilala Wamaza kwa watu wa parokia. Asubuhi Amisi akabaki na pikipiki, akisema atatuombea, na katika maisha yangu sijawahi kumwonea mtu wivu namna ile. Sisi wawili tukashika njia ya miguu.

Kitumbi ilikuwa wazi. Milango imefunguka, majani yameota hadi ndani ya nyumba ya baba yake. Cécilia hakusimama. Tulishuka mpaka kwenye kijito, akavua viatu, nami nikavua. Hapo ndipo wimbo wa saba unapoanza. Mtu anaingia ndani ya maji na kutembea humo humo akipandisha, ili asiache nyayo. Maji yalikuwa ya baridi, yanafika gotini. Unakwenda mpaka kwenye jiwe pana ambapo wanawake wa Kitumbi walikuwa wakilowesha mihogo, na vile vishimo vyao bado vipo pembeni, kila familia na chake. Pale unatoka majini, unapandisha kushoto, unapita vichuguu vitatu, unafika kwenye mchikichi uliopinda, na nyuma ya mchikichi huo ndiyo bonde lenyewe.

Kwenye jiwe Cécilia aliinama. Matopeni, kando ya kishimo cha mama yake, kulikuwa na alama za viatu vya buti. Nyingi. Maji yalikuwa bado hayajatulia ndani yake.

Nilimshika mkono. Nilitaka kusema turudi. Ndipo tukasikia wimbo.

Ulitoka juu, ndani ya miti, mwembamba, kutoka kwenye simu. Gitaa linalokwaruza, spika ya panya, na sauti ya Cécilia inasoma njia polepole, bila kuruka kitu. Alisimama kando yangu mdomo umefungwa, na wakati huohuo alikuwa anaimba kule juu, anakuja. Nimeogopa mara nyingi maishani, nina uzoefu. Sijawahi kuogopa vile. Nilimvuta tukaingia majini chini ya ukingo, mahali mizizi inaponing'inia, maji yakatufika shingoni, na wimbo ukateremka mpaka juu ya vichwa vyetu.

Walikuwa wanne au watano. Niliona buti, niliona mtutu mmoja, niliona mkono ulioshika simu. Mmoja alikuwa anaufuatisha wimbo kwa sauti yake, sauti nzuri, ya mtu aliyeimbishwa vizuri utotoni. Walikunywa maji. Mmoja alisema kitu kwa Kibangubangu, kwa hasira, na mwingine akamjibu. Kisha wakashuka na kijito, na Cécilia wa kwenye simu akaenda nao, mpaka sauti yake ikapotea.

Yaliyonitokea ndani ya suruali sitayaeleza. Nilikuwa majini, na maji hayatoi ushahidi.

Tulikaa pale mpaka vidole vikafa ganzi. "Walisema nini?" niliuliza hatimaye.

"Mumoja alisema nyimbo inadanganya. Mwingine akasema, hapana, nyimbo inasema kweli, watu ndio hawako." Alikamua maji kwenye nguo yake. "Yule wa kuimba ninamujua. Mi nilimushonea kanzu ya komunio."

Watu hawako. Tulipandisha mbio, vichuguu, mchikichi, na kule nyuma vibanda vya majani vilikuwa vimesimama, majivu ya baridi, chungu kimoja kimevunjika. Hapakuwa na damu. Nilitafuta nikiwa nimefumba jicho moja, na haikuwapo. Lakini hapakuwa na mtu wala mkeka, na kutokuwapo kwa mtu kunaweza kuwa na maana mbili. Cécilia alizunguka kila kibanda akigusa nguzo. Alifungua mdomo ili aite, akaufunga tena. Alikuwa na woga wa sauti yake mwenyewe.

Sikumbuki vizuri tulivyorudi Wamaza. Ilikuwa siku ya soko. Tulipita kati ya watu wanaonunua sabuni na samaki wakavu, na nilikuwa nikiwaza maneno ya kumpa pole mtu ambaye amemuua mama yake kwa gitaa, na mimi nikiwa nimemshikia waya.

Mama Victoire alikuwa amekaa nyuma ya mafungu ya sombe, majani ya mihogo, kichwa amefunga kitambaa cha kijani, anapunga nzi.

Cécilia alishika nguzo ya kibanda cha jirani. Nilidhani atamrukia mama yake na kumkumbatia. Lakini kwao hakuna kukumbatiana kabla ya njia.

"Keti," mama alisema. "Soma njia."

Akaketi chini akaisoma, na kwa heshima yangu aliisoma kwa Kiswahili. Alisoma nyasi, daraja, mlima na gari. Alisoma nyumba ya baba yake. Alisoma jiwe la mihogo na buti kando ya kishimo chao, na sauti yake mwenyewe kwenye miti, na yule wa kanzu ya komunio. Hakuruka hata kijito. Mama yake alisikiliza huku akipanga mafungu. Mwisho alichota maji kwa kikombe cha plastiki akampa, kisha akanipa na mimi.

"Sisi tulisikia," mama alisema. "Gérard, yule wa kutuletea vitu vya soko, alileta chumvi na telefone. Ni wiki mbili sasa. Ile sauti yako, mwanangu, nililia. Nikasema, baba yake angekuwa hai asikie. Nikasikia kijito. Nikasikia jiwe letu. Kisha nikasikia vichuguu." Alipunga nzi. "Nikaanza kufunga mikeka."

"Wote wako wazima?"

"Wote. Hata mbuzi."

Cécilia aliinamisha uso magotini akalia kwa sauti, naye si mtu wa kulia kwa sauti. Mimi nilimshukuru Mungu kwa kila neno ninalolijua na mengine nikayabuni. Nilikuwa nimeanza hata kuona njaa. Alipomaliza kulia alijifuta kwa kikwembe, akakaa sawasawa, akatabasamu, na akasema maneno ambayo kwao mtoto humwambia mama yake tangu anapojua kusema.

"Na wewe, mama. Soma njia."

Mama Victoire alichukua fungu moja la sombe, akalifungua, akalifunga upya. Mwanamke aliyekuwa anauza kando yake, wa Kitumbi pia, aligeuza uso akatazama barabarani.

"Nimekuja vizuri," mama alisema.

Cécilia alingoja. Nami nilingoja, nikidhani ndio mwanzo.

"Kutoka wapi, mama?"

"Kutoka nyumbani."

"Nyumbani kuko wapi?"

"Watu walikaa, wakasema," mama alijibu, akitazama mikono yake. "Mi sikukataa. Wewe uko mutoto wangu, Cécilia, wa tumbo hili. Lakini wao wako sitini."

Hakuna aliyepaza sauti. Mama alifunga sombe katika jani la mgomba, akamwekea mwanawe mapajani. Akamwambia nyimbo zile ni nzuri, nzuri kabisa, na kwamba zote wanazisikiliza kule waliko. Kisha akasema, "Soko litaisha sasa hivi. Utatangulia wewe. Mi nitabaki hapa mupaka nione umeenda." Cécilia alielewa kabla yangu. Hakutakiwa kuona mama yake anashika upande gani.

Tuliondoka. Alitembea bila kugeuka, kwa mwendo wake uleule, na nilijua kwamba hageuki kwa makusudi, ili mama yake aone.

Sasa ni miezi mingi. Aliniomba nifute zile nyimbo, nami nilizifuta zote mbele yake, ingawa Amisi anasema Salamabila bado zinapigwa. Anashona. Anapiga gitaa bila maneno, mambo marefu yasiyo na jina, na mtu akimuuliza ni wimbo wa mahali gani anasema si wa mahali. Akifika kibandani kwangu hanisomei tena mtaro wala mbwa wa padri. Namuuliza, ananiambia, "Nimekuja vizuri." Sicheki.

Juma lililopita ulifika uvumi mjini Kasongo kwamba wenye bunduki wanasogea. Huenda ni uongo, huwa ni uongo mara tatu kati ya nne. Lakini kila nyumba ilifunga mabegi yake, na kila mtu ana mahali. Wengine wana shamba la shangazi, wengine wana ng'ambo ya mto. Sisi pia tuna mahali petu, mimi na Faridah na watoto, na hata hapa sitapaandika.

Cécilia alikuja mchana, gitaa mgongoni. Alisimama mbele ya meza akitazama waya za simu.

"Yassine," alisema, "nyinyi mutakimbilia wapi?"

Nilimtazama. Ni mtu niliyejificha naye majini mpaka shingoni. Ni mtu ambaye ningemwachia watoto wangu bila kufikiri mara mbili. Mahali petu pana nafasi ya mtu mmoja zaidi, hata wawili. Nilifungua mdomo ili nimwambie, na wimbo ule ukanijia masikioni, ukiteremka kati ya miti.

"Sijui bado, dada," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelijua jibu kabla ya kuuliza. Akaniaga vizuri, akamsalimia Faridah, na akarudi barazani kwake kumalizia gauni la mtu.